Ziwa lilipofungwa, tulikata chupa

Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei 2024 na kufunguliwa 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa mtu wa Dodoma ilikuwa habari ya kusikia redioni na kusahau. Kwa Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma mitumbwi inapotia nanga, ilikuwa vichanja vya dagaa vimebaki waya mtupu, mitumbwi imepinduliwa mchangani, na wanaume wazima wanacheza bao tangu asubuhi. Mimi si mvuvi, ni fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga, lakini hapa Kigoma hata cherehani inakula dagaa: mama asipouza, hashoneshi kitenge. Juni ilipoingia nilikuwa nashona viraka na sare za shule, basi.

Kwa hiyo niliposikia kuna warsha ya sanaa mwaloni, ya kutengeneza vikaragosi vya samaki kwa plastiki ya kuokota, nilikwenda kwa sababu nilikuwa na muda. Sababu nyingine sikuwa nayo. Mkasi wa vitambaa niliuacha nyumbani, nikabeba ule wa kukatia maturubai, maana plastiki hula makali. Nikabeba na pasi yangu ya zamani ya mkaa, ambayo mwishowe ilifanya kazi kubwa kuliko mkasi.

Walioandaa ni vijana wa kikundi cha mtaani wakishirikiana na dada mmoja msanii aliyesomea sanaa Bagamoyo. Mpango wao ulikuwa wa watoto: waokote, wakate, wapake rangi, waonyeshe wazazi, yaishe. Wavuvi hawakuwamo kwenye mpango. Lakini ukitandaza chupa na rangi juu ya vichanja vya dagaa, mwaloni, katikati ya miezi ambayo ziwa limefungwa, usitegemee kwamba wanaume waliokaa hatua chache pembeni watanyamaza. Walianza kwa maoni ya mbali. Kisha wakasogeza viti. Baadaye wakawa wanashika mkasi wenyewe, na hapo ndipo samaki wetu walipoanza kufanana na samaki.

Nimekula migebuka maisha yangu yote. Nilipopewa chupa na kuambiwa nimtengeneze mgebuka, nikaona kwamba ninamjua kuanzia sahanini tu. Ana mapezi mangapi? Yanaanzia wapi? Akigeuka, kinatangulia kichwa au mkia? Watu wa mjini tuliokuwepo tulitazamana. Majibu yalikuwa kwa watu wawili watatu ambao hakuna aliyekuwa amewaalika.

Kuokota kulikuwa rahisi kuliko kugawana. Mji wa Kigoma umekaa vilimani. Mvua zikinyesha, kila kilichotupwa Mwanga, Gungu na kwingineko huteremka na mifereji hadi ziwani. Kiangazi kile, vilivyokwama njiani vilikuwa bado mifereji imevishikilia: chupa za maji na za soda, vizibo, ndoo zilizopasuka, madumu ya mafuta, ndala za mguu mmoja, pakiti za biskuti, vipande vya nyavu. Mifuko ya rambo ilikuwa michache. Ilipigwa marufuku kuanzia 1 Juni 2019 na, watu waseme watakavyo, mifereji imeona tofauti. Chupa haikuguswa na marufuku ile, nayo ndiyo iliyorithi nafasi.

Ugomvi ulitoka kwa vijana wanaookota chupa na kuziuza kwa kilo. "Fundi, hiyo unayokata ni hela," mmoja akaniambia, na haki ilikuwa yake. Kila chupa tuliyoichukua sisi ilikuwa imetoka kwenye kiroba cha mtu. Tukapatana hivi: chupa nzima na safi ziende kwenye mizani, sisi tubaki na zilizopondwa na magari, zilizokauka kwa jua, na zenye matope yasiyotoka, ambazo hakuna mnunuzi anayezitaka. Naona makubaliano yale yalikuwa na busara kuliko mambo mengi yaliyofuata. Nimewahi kuona mahali pengine chupa mpya zikinunuliwa dukani kwa katoni, maji yakamwagwa, ili watoto wafundishwe kutumia taka upya. Hizo si taka. Huko ni kwenda dukani.

Gundi ya lebo ilitusumbua. Maji ya moto yanaivua lebo, lakini gundi inabaki inanata, na ukikwangua unaichubua chupa. Bibi mmoja, mwanika dagaa ambaye naye alikuwa hana cha kuanika, alikwenda kwake akarudi na mawese kwenye kikombe. Ukipaka mawese, ukaacha kidogo, ukasugua na jivu, gundi yote inaondoka. Baadaye lazima uoshe kwa sabuni hadi mafuta yaishe kabisa, la sivyo rangi haitashika. Kigoma bila mawese sijui ingekuwaje. Yako kwenye mboga, yako kwenye sabuni, na sasa yako kwenye sanaa.

Beseni la kuoshea lilitufundisha jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba ya mtu. Mtoto mmoja wa darasa la nne alikuwa anasuuza vipande tulivyokwisha kukata. Akaja akanivuta kanga. "Shangazi, mbona vizibo vinaelea na chupa inazama?"

Nikamwambia labda chupa ina mchanga. Akaniletea kipande cheupe kabisa, akakitumbukiza mbele yangu, kikashuka polepole hadi chini ya beseni kikalala. Kizibo cha chupa ile ile kikabaki juu. Akakisukuma chini kwa kidole, kikaibuka. Tukajaribu kipande cha dumu: kinaelea. Kipande cha ndoo: kinaelea. Chupa ya soda: inazama.

Dada msanii akatuonyesha pembetatu ndogo yenye namba, chini ya kila chombo. Chupa ya maji ni namba 1, plastiki nzito kuliko maji. Ikifungwa ikiwa na hewa ndani itaelea. Ikipasuka, au ikijaa maji, inashuka. Dumu kwa kawaida ni namba 2, na vizibo mara nyingi ni 2 au 5, zote nyepesi kuliko maji. Hata ukizikatakata vipande vya ukubwa wa ukucha zitabaki juu.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amekwisha sogeza kiti hadi karibu na beseni. Watoto walimwita Babu tu, na sisi tukafuata. Akakichukua kile kipande kilichozama, akakitazama, akasema, "Ndiyo maana ufukweni tunaokota vizibo kwa wingi namna ile. Chupa zenyewe zimekwenda." Kisha akaonyesha kwa kidevu, upande wa Kongo.

Kwa anayelijua ziwa letu, hilo si jambo dogo. Kina chake kinafika karibu mita 1,470. Kwa kina, duniani linazidiwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Samaki wote tunaowajua wanaishi sehemu ya juu. Ukishuka mita 100 hadi 200, kutegemea upande wa ziwa, oksijeni inaisha, na kutoka hapo hadi chini ni giza lisilo na samaki. Maji yenyewe yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie, Kongo. Kitu kilichozama katikati ya ziwa hili hakuna mvua wala mkondo utakaokirudisha ufukweni ukaokotwe. Tunaposafisha ufukwe tunasafisha vinavyoelea. Sisemi tusisafishe. Nasema nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kilo zile tunazopigia picha ni sehemu ya taka iliyokubali kuonekana.

Samaki mkubwa tuliyeamua kumtengeneza alikuwa kuhe. Huyu ni wa ziwa letu peke yake, hapatikani ziwa lingine duniani, na katika jamii ya ngege na ndugu zao ni mmoja wa wanaokua wakubwa kabisa. Mchoro wa dada msanii ulikuwa mzuri: pete pana za chupa na ndoo, zinazopungua kutoka tumboni kwenda mkiani, kila moja imeingia kidogo ndani ya mwenzake, zimeunganishwa kwa uzi wa nyavu kwenye matundu mawili, moja ubavu wa kushoto na moja wa kulia. Tukamfunga, tukamtia vijiti, tukamwinua. Mkia ukapiga juu, ukapiga chini. Watoto wakashangilia.

Babu hakushangilia. "Huyo si samaki."

"Kwa nini, Babu?"

"Samaki hapigi mkia hivyo. Anapiga hivi." Akatembeza kiganja hewani, kushoto na kulia, taratibu, kisha mara moja kwa nguvu. "Huyo wenu sijui ni mnyama gani."

Dada akacheka sana. Akasema kwao pwani yupo apigaye juu na chini, pomboo, lakini yule si samaki kweli, ananyonyesha. Basi kuhe wetu alikuwa amezaliwa Bagamoyo. Ilibidi afumuliwe.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo ajabu. Matundu tuliyahamisha kutoka ubavuni, tukayaweka mgongoni na tumboni. Kila pete ikawa na bawaba juu na chini, kwa hiyo haina pa kwenda ila kushoto na kulia. Ila sasa pete zikawa zinagongana ubavuni na samaki anakakamaa. Hapo ndipo ilipokuja kazi ninayoijua. Nikachora alama, nikakata kila pete ubavuni kwa mshazari, pande zote mbili, kama ninavyopunguza kitambaa kiunoni ili gauni likae. Sehemu ya juu na ya chini nikaziacha ndefu, maana ndizo zinazobeba uzi. Tulipomwinua tena, dada akasogeza kijiti cha mbele kidogo tu, na mwili wote ukafuata, pete baada ya pete, hadi mkiani. Babu akakichukua kijiti mkononi mwake bila kuomba. Ndiyo ilikuwa sifa yake.

Niseme kuhusu pasi, kwa sababu wengi watakaojaribu kazi hii watakata vidole. Chupa iliyokatwa ina ukingo mkali kama wembe. Watu wengine huupitisha kwenye mshumaa, lakini mshumaa unaacha masizi, na watoto wanauchezea. Pasi yenye moto wa wastani ni bora: unaishika pete wima, unaigusisha ukingo wake kwenye kitako cha pasi sekunde chache, nao unajikunja kwa ndani na kuwa laini. Ukizidisha moto pete inajikusanya na kupinda. Pasi hiyo usiirudishe tena kwenye nguo za watu. Na ufanye nje, penye upepo. Mabomba ya maji, yale ya PVC, tuliyakataa kabisa yasikaribie moto, kwa kuwa moshi wake una tindikali inayounguza koo na mapafu. Fundi mmoja alikuwa ameleta kipande kizuri cha kutengenezea taya. Tulimshukuru, akarudi nacho.

Taya tulilipata kwa njia nyingine. Shingo ya dumu, iliyokatwa nusu, ndiyo taya la chini. Uzi unapita ndani ya mwili hadi kwenye kijiti. Ukivuta, mdomo unafunguka. Kuufunga ndiko kulikokuwa na shida, maana uzi hausukumi. Fundi baiskeli wa pale mwaloni akakata ukanda wa mpira wa tyubu, ule ule wa manati, akaufunga kutoka taya hadi kaakaani. Ukiachia uzi, mdomo unajifunga kwa mlio. Tangu hapo hakuna mtoto aliyetaka kushika upande wa mkia.

Mapezi waliyasahihisha kina mama. Wauza samaki hawahitaji kuambiwa. Wanamshika samaki tangu alfajiri. Mgebuka, wakatuambia, ana mapezi mawili mgongoni: la kwanza lina miiba, la pili ni laini, na pengo liko kati yake. Kuhe na ngege wana moja refu, miiba mbele, laini nyuma. Mama mmoja aliuchukua mgebuka wangu, nilioufanya kwa chupa nyembamba ndefu na pezi moja la kupendeza, akaugeuza, akaniuliza kwa upole, "Fundi, huyu tumuuze kwa jina gani?" Nikakata pezi la pili.

Dagaa walikuwa wa watoto. Mwili wa dagaa ni fedha, nasi fedha tulikuwa nayo bure: ndani ya pakiti za biskuti na krispi. Unaifungua pakiti, unaiosha, unaikata vipande virefu kama kidole, upande unaong'aa nje, jicho unalitia kwa kalamu ya wino mzito. Walitengeneza wengi hadi kichanja kimoja kikajaa, wamepangwa kama walioanikwa kweli, na mpita njia mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama ziwa limefunguliwa.

Rangi ilikuwa na ukaidi wake. Rangi ya maji haishiki kwenye chupa laini. Inakauka, unamkunja samaki mara mbili, inabanduka magamba magamba. Dawa yake ni msasa kwanza, usugue hadi plastiki ipoteze mng'ao. Na gundi ya supaglu, ambayo watu wanaiamini kwa kila kitu, haimshiki dumu wala kizibo. Baada ya saa moja unakibandua kwa ukucha. Toboa kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto, funga kwa waya au uzi wa nyavu. Kilichofungwa kilidumu.

Ila vumbi la msasa lilinikosesha raha. Lile vumbi ni plastiki. Chembe zilizopeperuka kutoka kwenye vichanja vyetu, hatua chache kutoka majini, ni taka ile ile, sasa ndogo kiasi cha kumezwa na samaki. Ziwa Victoria wamekwisha kuliona hilo: utafiti uliochapishwa 2016 ulichunguza sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, ukakuta plastiki tumboni mwa takriban samaki mmoja kati ya watano. Tukaanza kupiga msasa juu ya turubai, kwa maji, na kukusanya tope lake kwenye kopo. Vipande vya mkasi navyo tulivijaza kwenye chupa moja kubwa, tukavishindilia kwa kijiti, na chupa hiyo ndiyo iliyokuwa uzito wa tumbo la kuhe, asiyumbishwe na upepo wa ziwa.

Kwa hiyo sipendi maneno yaliyosemwa siku ya kufunga, kwamba warsha "imepunguza taka ziwani". Viroba tulivyotumia vinaweza kujazwa tena na sherehe moja ya harusi. Anayepunguza taka Kigoma ni yule kijana mwenye kiroba na mizani, ambaye hakualikwa kuhutubia. Faida yetu ilikuwa kwingine: mtoto aliyekata pezi la mgebuka mara tatu hadi mama akaridhika hatamsahau mgebuka, na mimi sitazisahau namba za chini ya chupa.

Karibu nisahau gogogo. Mvuvi kijana, mkimya, aliyewahi kuzamia kukamata samaki wa mapambo wanaouzwa nje, ndiye aliyetusimulia. Samaki wengi wadogo wa mawe, wale wenye rangi, mama hubeba mayai yake mdomoni, na watoto wakianguliwa hukaa humo humo hadi wapate nguvu. Sasa yupo samaki wa jamii ya gogogo, mwenye sharubu na madoa, ambaye huwavizia wakati wanataga, akachanganya mayai yake na yao. Mama hukusanya yote, hajui. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema, na watoto wake huwala watoto wa mwenye nyumba humo humo mdomoni.

Watoto walinyamaza. Kisha binti mmoja akasema, "Yaani anawalea wanaomlia watoto?" Ndiyo, binti. Halafu vurugu: kila mtu akataka kutengeneza huyo. Mama samaki akawa chupa ya lita tano yenye mdomo mpana. Watoto wake ni vizibo vya njano. Watoto wa gogogo ni vizibo vyeupe vilivyotiwa madoa, kila kimoja kina sumaku ya spika mbovu tumboni, na vile vya njano vimetiwa msumari. Ukitikisa chupa, vyeupe vinavinasa vya njano. Huo ubunifu si wa msanii, si wangu. Ni wa yule binti na kaka yake anayetengeneza redio.

Maonyesho tuliyafanya usiku wa giza, kwa ushauri wa Babu. Mbalamwezi ikiwa pevu dagaa hawaji kwenye taa, kwa hiyo hata ziwa likiwa wazi wavuvi hupumzika siku hizo. "Mkicheza mchezo wa uvuvi chini ya mbalamwezi, watu watawacheka," akasema. Tukawasha taa moja ya sola juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kama zile zilizochukua nafasi ya karabai. Watoto wenye dagaa wakaja wakiizunguka taa, polepole kwanza, kisha kwa wingi, pakiti za biskuti zikimeta. Huko majini ndivyo ilivyo: vijidudu hukusanyika kwenye mwanga, dagaa huvifuata, migebuka huwafuata dagaa. Migebuka wetu walitokea gizani nyuma ya watazamaji, jambo ambalo hatukulitangaza, na mama mmoja alipiga kelele akaangusha karanga zake.

Kisha wavuvi wenyewe, wale wa bao, wakashika wavu uliokuwa umetandazwa chini muda wote bila watu kuutambua, pembe nne, wakauinua kwa pamoja na dagaa ndani yake. Hawakuwa wamefanya mazoezi hata kidogo. Waliinua kwa mkupuo mmoja, kwa wimbo wao wa kazi, na kwa muda mfupi mwaloni pakawa na uvuvi mwezi Julai.

Kuhe aliingia mwisho, na taya likakatika. Mpira wa tyubu ulikuwa umechoka kwa majaribio ya watoto. Babu, aliyekuwa ameshika kijiti cha mbele, akaendelea naye hivyo hivyo, mdomo wazi, akawa kuhe anayehema. Watu walidhani ndivyo ilivyopangwa.

Ziwa lilipofunguliwa Agosti, vichanja vilirudi kwa wenyewe na sisi tukaondoa vitu vyetu. Dagaa wa pakiti wako shuleni. Kuhe ananing'inia kwa fundi baiskeli, na anayetaka kumtia taya aende na tyubu yake, fundi amechoka kutoa ya bure. Watoto nao tayari wanadai kazi nyingine: wanataka meli, Liemba, yenye urefu wa vichanja viwili. Dada msanii aliposema kwa simu kwamba mada ni samaki, si meli, Babu akaomba azungumze naye. Akamkumbusha kwamba Liemba, meli ya Wajerumani, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa majini 1924, ikarudi kazini 1927. "Sasa mwanangu," akamwambia, "kama hicho si kitu cha kuokotwa, ni nini?" Dada amekubali. Tunakusanya madumu, yale yaliyopasuka tu. Mazima yana wenyewe.